Maji ya Bibi Robi

Niliisikia injini ya pantoni kabla sijauona Mto Mara. Ukungu wa alfajiri ulikuwa umefunika kivuko chote cha Kirumi, na ndani yake kitu kikubwa kilikuwa kikikohoa, kikinyamaza, kikikohoa tena. Sisi abiria wa basi tulisimama tukisikiliza. Kisha pantoni ikajitokeza, na ng'ombe wanne juu yake, wametulia kuliko sisi.

Nilikuwa nimetumwa na mama yangu kutoka Musoma. Kwa miaka tisa alikuwa mkunga katika zahanati ya misheni kule Gorong'a, pamoja na mke wa Mchungaji Anders, Mzungu ambaye watu wote walimwita Mama Bhoke kwa jina la binti yake aliyezaliwa hapo. Sasa barua ilikuwa imekuja: kanisa limekabidhiwa kwa wenyeji, na familia hiyo inarudi kwao baada ya miaka kumi na sita. Mama, kwa sababu ya maumivu ya miguu, hakuweza kwenda kuwaaga. Alinipa doti mbili za vitenge, na swali moja: "Uwaulize kama Bibi Robi amebatizwa."

Saa nne asubuhi nilikuwa Bomani, Tarime mjini. Mama Bhoke alikuwa ameegesha Land Rover mbele ya duka la ushirika, na binti yake alikuwa amekaa juu ya magunia, amejifunga kitenge, anakula muwa.

"Mura, umechelewa!" alinipigia kelele, akiniita 'kijana' kwa Kikurya. "Au pantoni ililala?"

"Shikamoo, Mama," nilimwamkia mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Usimjibu huyo. Akifika Ulaya atamtukana nani, sijui."

Jioni, Gorong'a. Nyumba yao ilikuwa na masanduku kila upande, na kuta zilikuwa na alama nyeupe palipokuwa pametundikwa picha. Tulikula ugali wa mtama na mihogo kwa maziwa ya mgando. Mchungaji, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alinitania kwamba nakula kama mtu wa mjini. Ndipo nikauliza swali la mama.



"Hajabatizwa," alisema Mchungaji. "Miaka kumi na mmoja yuko darasani. Mafundisho yote anayajua, anawafundisha hata wenzake. Lakini ana Gati."

Sikuhitaji maelezo, ila kwa wasomaji wangu walio mbali niseme. Kwa Wakurya, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa binti, ili watoto wa binti huyo wawe watoto wa nyumba yake. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Bibi Robi, mjane, alimwoa Gati, na Gati amezaa watatu. Kanuni ya kanisa ilisema: amwache kwanza, ndipo apewe maji.

"Amwache aende wapi?" aliuliza Bhoke. "Na watoto, Baba? Awagawe kama vifaranga?"

"Kanuni sikuiandika mimi."

"Lakini umeishika wewe," alisema Mama Bhoke polepole, akimwongezea mumewe maziwa.

Kesho yake asubuhi tuliondoka wote wanne kwenda Mbalibali, upande wa Serengeti, ambako Bibi Robi alikuwa amehamishiwa pamoja na jamaa zake vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa. Mchungaji alitaka kumuaga tu. Alilisema hilo mara tatu njiani. Kiangazi kilikuwa kimeupunguza Mto Mara huku juu, tukavuka kwenye mawe, maji yakigusa magurudumu. Ng'ambo, nchi ilifunguka: nyasi za rangi ya simba, migunga, na vumbi la mifugo likipanda mbali kama moshi wa jikoni.

Mbalibali, saa sita. Nyumba zilipangwa mistari minyoofu kama wanafunzi wa mchakamchaka, zote zikiitazama barabara. Moja tu iliipa barabara mgongo, ikitazama zizi lake.

"Hiyo ndiyo ya Bibi Robi," alisema mwenyekiti wa kijiji akicheka. "Bwana shamba alikuja na kamba ya kupimia, bibi akamwambia, 'Kamba yako haina ng'ombe, mimi ninao.' Tukamwacha."

Tulimkuta Bibi Robi uani, mfupi, mkavu, fimbo mkononi. Mbele yake alisimama mwanamke kijana mwenye furushi kichwani. Nilielewa kabla ya kuambiwa.

"Umefika vizuri, Mchungaji," alisema bibi. "Mwambie huyu aketi. Amesikia unakwenda zako, akasema leo anarudi kwao ili mimi nibatizwe. Nimemzuia tangu asubuhi. Mkono umechoka."

"Mama abatizwe," alisema Gati, macho chini. "Umri umekwenda. Mimi nina nguvu, nitaishi popote."

"Nyamaza wewe!" Kisha bibi akamgeukia Mchungaji. "Mnasema nimeoa mke. Sina mke. Huyu ni mkamwana wangu. Mume wake ni mwanangu ambaye sikumzaa. Mungu anamjua, kwa kuwa ndiye hakunipa. Sasa, kama maji yako yanataka huyu atoke, rudi nayo. Nitakufa mkavu."

Mchungaji Anders alivua kofia. Alimtazama mke wake, ambaye hakumsaidia, kisha watoto watatu waliokuwa wamelishika gauni la mama yao kwa nyuma.

"Gati," alisema mwishowe, na sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi, "tua huo mzigo. Niletee maji."

Gati alileta maji kwenye kibuyu. Mchungaji alipoyamimina kichwani mwake, Bibi Robi alishtuka, akaanza kucheka. "Ni ya baridi! Miaka kumi na mmoja, nami nilidhani mnayapasha moto!"

Njiani kurudi Mchungaji aliendesha taratibu, na nilimwona akitabasamu peke yake, kisha tabasamu likiondoka. Nilikuwa nimedhani kwamba wageni hawa walikuja kutufundisha kupenda. Siku hiyo nilijifunza kwamba walikuwa wamekaa nasi muda wa kutosha kufundishwa.

Ijumaa alasiri, Bomani tena. Mchungaji aliwaeleza wazee wa kanisa mwenyewe, kabla hawajasikia kwa wengine. Sisi watatu tulikaa kwenye ngazi za ofisi yao, tukisikia yote.

"Umevunja kanuni," alisema Mzee Mwita, mwenyekiti wao.

"Nimeivunja."

"Jumapili hutahubiri. Hata kuaga, utaaga ukiwa kwenye benchi."

Bhoke aliinuka, mama yake akamvuta kitenge, akakaa.

"Sawa, wazee," alisema Mchungaji. Alitoka, kofia mkononi. Mzee Mwita alimfuata hadi kizingitini, akasimama.

"Mchungaji. Huyo mama alilia?"

"Hapana, mzee. Alicheka."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akakaza midomo, lakini tabasamu mashavuni lilimsaliti. Akaufunga mlango nyuma ya Mchungaji kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayetoka chumbani alimolala mtoto mchanga.