Balbu Niliyoing'oa kwa Heshima ya Mama Mkwe

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeziba ziwa lote, kutoka hapa kwetu Butimba huwezi kusema maji yanaanzia wapi.

Naandika nikiwa bado na aibu, tena aibu ya mtu mzima mwenye watoto watatu. Najua wapo watakaoisimulia kwa namna yao (wapiga debe wa Nyegezi wameshaanza), kwa hiyo afadhali niandike mwenyewe jinsi ilivyokuwa, bila kujipendelea na bila kumwonea mtu. Nikikosea mahali, ni shule yangu ndogo, siyo uongo.

Wengi mnalijua gari langu. Lilikuja vipande vipande ndani ya makasha, mali ya mzee mmoja aliyeliagiza ng'ambo ili aliunge mwenyewe, akachoka kabla hajamaliza, akaniachia mimi kwa kuwa ni mchomeleaji wa mageti na aliona nina uvumilivu. Paa lake ni turubai, mbele viti viwili, nyuma kibenchi. Mtaani wanaliita Sabuni. Kila nati nimeikaza mimi, isipokuwa umeme, maana kwenye umeme huwa najishuku hata ninapobadilisha taa ya chooni.

Kwa muda mrefu betri ilikuwa haipati chaji. Nikabadili mkanda, nikasafisha vichwa vya betri, wapi. Ndipo akaja Mashaka, fundi umeme wa magari, akapima na mita yake, akaufuata waya mmoja mwembamba kutoka nyuma ya altaneta, ile mashine inayoichaji betri, mpaka kwenye dashibodi, akakuta kibalbu chekundu kimeungua.

"Si kitaa tu cha kuonyesha?" nikamuuliza.

"Siyo pambo hii, kaka. Umeme unaoiamsha altaneta unapita humu humu kwenye balbu. Balbu isipokuwepo, altaneta imelala, hata injini iungurume vipi."

Akaweka mpya. Nikafungua swichi, ikawaka nyekundu, nikawasha injini nikapiga resi, balbu ikazimika, na mita ikapanda. Nikaelewa. Nasisitiza kwamba nilielewa, kwa sababu aibu yenyewe iko hapo.

Leo ilikuwa harusi ya shemeji yangu Masanja, kitinda mimba wa mama mkwe, na kanisa liko huku Nyegezi. Mke wangu Kabula alishatangulia na wapishi. Mama mkwe alikataa gari la kukodi, akasema atapanda gari la mkwe wake lililotengenezwa kwa mikono yake. Sijawahi kupewa heshima kama hiyo. Na Masanja naye alishatangaza kwamba haingii kanisani mpaka mama yake afike. Saa nne kamili.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawaongei hovyo. Mimi namwamkia kwa mbali nikiangalia chini, na tukiwa na neno tunalipitisha kwa mtu. Asubuhi hii nilipowafuata Misungwi mtu wetu alikuwa Shangazi Milembe, dada wa marehemu baba mkwe, aliyekaa mbele karibu yangu, na mama akakaa nyuma, kwa hiyo maneno yalikuwa yanatoka nyuma, yanapita kwa shangazi, yananifikia mimi niliyekwisha kuyasikia.

Sailensa ya Sabuni ni ya kwangu mwenyewe ya kuchomelea, kelele zake si haba, na Sabuni likienda polepole kwenye matope ile balbu hukonyeza kidogo, hakuna ubaya, ukikanyaga mafuta inazimika. Mama akaiona.

"Milembe, muulize mkwe, ile nyekundu pale mbele ni ya nini?"

"Mama anauliza ile nyekundu."

"Mwambie mama ni ya chaji, haina neno."

"Anasema haina neno."

Tukaingia dimbwi jingine, ikakonyeza tena.

"Mwambie aizime. Lori la marehemu liliwaka nyekundu hivyo hivyo, hatukufika mbali likashika moto."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Neno moja tu. Lakini nitamwambiaje mama mkwe hapana, tena siku ya harusi ya mwanawe, na amemtaja marehemu? Halafu nikaanza kujishuku: labda Mashaka alikosea, labda mimi ndiye sikumwelewa, darasa la saba nani kaniambia najua umeme? Nikapitisha mkono chini ya dashibodi, injini ikiunguruma, nikaivuta balbu. Ikatoka kama jino bovu. Nikaitia mfukoni.

Na hakuna kilichoharibika! Honi inalia, taa zinawaka, waipa inafuta. Nikatabasamu peke yangu, nikamdharau fundi wa watu moyoni (nimeshamwomba radhi), nisijue kwamba altaneta ikishaamka haihitaji tena kuamshwa, mpaka siku utakapozima injini.

Nami nikazima injini. Tulipofika Usagara shangazi alitaka kununua mwavuli, na kwa kuwa mama alikuwa ameziba masikio kwa kelele, nikaona heshima inataka nizime. Shangazi akarudi na mwavuli, nikawasha, tukaondoka. Kuanzia hapo tulikuwa tunakula betri tu, betri yenyewe kuukuu, na mvua ikaongezeka nikaweka waipa ya kasi na taa kubwa, na shangazi akakumbuka kwamba hii ni harusi.

"Piga honi, baba! Bwana harusi ana shangazi mmoja tu! Na zile taa za kukonyeza washa zote!"

Nikapiga. Tangu Buhongwa napiga honi kama mwendawazimu, yeye anapiga vigelegele. Tulipokaribia stendi ya Nyegezi honi ikaanza kusema kwa sauti ya mgonjwa. Waipa ikapanda katikati ya kioo, ikakaa hapo hapo. Injini ikakohoa mara mbili, na Sabuni na mapambo yake meupe likasimama mbele ya abiria wote wa mikoani.

"Mzee, hilo gari au jeneza la mtoto?" Wapiga debe hawakuchelewa.

"Limekata roho na maharusi ndani!"

"Maharusi wenyewe ndio hawa bibi wawili?"

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Vijana wanne wa stendi wakajitolea kusukuma, nami nikabaki kwenye usukani. Gari likasogea kivivu. Mara nikasikia uzito umepungua nyuma, nikatazama kwenye kioo, nikaona mama mkwe ameshuka, amejifunga khanga kiunoni juu ya kitenge chake cha harusi, ameweka mikono miwili kwenye buti na anasukuma.

"Wifi, acha!" shangazi akapiga kelele, na mtu akinyanyua sauti stendi unajua inavyokuwa. "Huyo ni mkwe wako!"

"Mkwe?" mpiga debe mmoja akashika kichwa. "Jamani njooni muone! Mkwe amekaa, mama mkwe anasukuma!"

Wakaja. Simu zikatolewa. Mimi nimeshika usukani, siwezi kushuka kwa sababu gari linatembea, siwezi kukaa kwa sababu ya aibu, na injini haitoi hata chafya.

Lilipogota, kila mtu akawa fundi. Huyu anasema mafuta yamekwisha, yule plagi. Shangazi akanisogelea: "Ni huyo fundi wako wa umeme. Amekuharibia gari, siyo?"

Kichwa changu kilishaanza kuitikia. Nasema kweli, kilishashuka mara moja. Kisha nikamkumbuka Mashaka alivyopiga magoti chini ya dashibodi siku ile, na roho ikakataa.

"Hapana, shangazi. Fundi hana kosa. Mwambie mama..." Nikatoa balbu mfukoni. "Niliing'oa mimi."

Shangazi hakupata nafasi ya kupitisha. Mama mkwe, tope mpaka magotini, akaniongelesha mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Ulijua gari litazimika?"

"Niliambiwa, mama."

"Sasa baba, kwa nini hukunikatalia?"

"Nilikuheshimu, mama."

"Na heshima yako imetufikisha wapi?"

Nikatazama huku na huku. "Nyegezi, mama."

Akacheka. Alicheka akashika buti ili asianguke, stendi nzima ikacheka naye, na dereva mmoja wa teksi, huku anafuta machozi, akaleta gari lake na waya tukabusti betri. Nilirudisha balbu. Ikawaka nyekundu, nikawasha, nikapiga resi, ikazimika.

"Itakonyeza tena, mama," nikasema, bila kupitia kwa mtu.

"Ikonyeze mpaka ichoke. Twende."

Tulifika saa nne na nusu. Kwaya ilikuwa imerudia wimbo mmoja mara nne, na Masanja amesimama mlangoni na mvua yote ile, hajaingia. Aliuona mguu wa mama yake wenye tope, akainama akaufuta kwa leso yake ya mfukoni, wakaingia pamoja. Ukumbini mshereheshaji (aliambiwa na shangazi, simlaumu) akanisimamisha mbele ya watu wote kama mkwe aliyesukumwa.

Nimejiapiza kwamba ninachokijua nitakisema, kwa adabu, lakini nitakisema, hata anayeniuliza awe nani. Sijui kama nitaweza. Najijua.

Jioni tulikula ugali na dagaa, maana pilau la harusi lilikwisha wakati nikigeuza gari. Mama analala kwetu leo, na dagaa alizipika yeye. Akamtuma Kabula kutoka jikoni aniulize kama chumvi imetosha. Nikameza tonge, nikavuta pumzi, nikasema haijatosha. Nikamsikia anacheka kule kule jikoni, na chumvi ikaletwa.