Wageni wa Dirishani

Babu yangu, ambaye nyumbani tunamwita awoowe, alikuwa dereva wa lori la kupeleka bidhaa mjini Merti mpaka macho yalipomkatalia. Naye huniita awoowe vilevile. Kwetu ndivyo babu na mjukuu wanavyoitana. Ana ugonjwa wa sukari. Mwaka jana ukanda wa kiatu ulimchuna karibu na kifundo cha mguu, na kwa kuwa mguu wenyewe ulishaingia ganzi, hakusikia kitu. Mimi ndiye niliyeona soksi imelowa.

Kidonda kilikataa kupona. Hospitalini daktari aliondoa nyama iliyooza, akangoja chini pawe pekundu na safi, kisha akatoa ngozi nyembamba pajani na kuishona pale. Mimi ni fundi wa mapazia na dera hapa mtaani Wabera. Shule niliachia kidato cha pili, na nikiwa kwenye cherehani huwa najiona tayari nina duka la vioo, na sanamu mbili za kuvalisha nguo mlangoni. Kwa hivyo kazi ya daktari niliielewa haraka. Kiraka ni kiraka, ila hiki hakishikwi na uzi peke yake, lazima kigandamane na nyama iliyo chini. Daktari alisema mguu ukae juu ya mito, juu kuliko kifua. Ukining'inia, damu itajaa chini ya ngozi mpya na kuiinua. Ngozi ikifa, pengine kitakachofuata ni kukata mguu.

Awoowe aliitikia kila neno.

Tulipofika nyumbani wageni wakaanza kuja, maana kwetu mgonjwa haachwi alale peke yake. Wazee wenzake wa lori, majirani na chupa za chai ya maziwa ya ngamia. Chumba chake ni kidogo, kitanda kinaelekea mlango, na mgeni akikaa mkekani anatazamana na unyayo wa awoowe. Kumwonyesha mgeni unyayo ni kumdharau. Basi kila aliposikia salaam aleikum mlangoni, alishusha mguu, akaketi kama mwenye nyumba. Wakienda anaurudisha juu. Mimi nilikuwa chumba cha pili nashona, sikujua.

Siku ya kliniki nesi alifungua bendeji, akakuta ukingo mmoja umevimba na kuwa mweusi. Akaniuliza mimi kama mguu unashushwa. Nikasema hapana, haushushwi. Awoowe akatazama ukutani.

"Ni wakija watu tu," akasema. "Siwezi kumwekea mtu unyayo usoni."

Nesi akasema sehemu kubwa bado iko hai, lakini mguu usishushwe tena.

Nyumbani nilitaka tuwakataze wageni. Akakataa. Nikageuza kitanda, kichwa kikaelekea mlango. Akasema sasa anawapa watu kisogo. Nikaenda jikoni nikalia kidogo, nikiona akilini suruali yake imekunjwa mguu mmoja. Jirani akapita nje, akaniita dirishani kuomba chumvi. Tukaongea, akaenda. Nikabaki nimesimama pale: tumeongea vizuri, uso kwa uso, na yeye hajaona miguu yangu.

Nilisukuma kitanda cha awoowe mpaka kichwa kikawa chini ya dirisha, miguu ikaelekea ukuta wa ndani; mtu akichungulia kutoka nje, wanaonana uso kwa uso. Nje nikaweka benchi. Alinung'unika kwamba namfanya mfungwa. Wa kwanza kuja alikuwa mzee aliyekuwa utingo wake miaka mingi. Akainama, akaingiza kichwa.

"Umefungua duka? Nipe sukari nusu kilo."

"Sukari ndiyo iliyonilaza hapa," awoowe akamwambia. "Agiza kitu kingine."

Walicheka mpaka utingo akakohoa. Mimi nilikuwa natazama mguu. Haukutoka kwenye mito.

Kuanzia hapo nikahamisha cherehani, nikawa nashonea mlangoni pake. Watu walikuja, wakakaa nje, wengine wakasimama benchi likijaa, wakamaliza habari za mvua na bei ya mbuzi, wakaenda.

Kliniki iliyofuata nesi alibonyeza ngozi mpya kwa kidole chenye glavu. Ikawa nyeupe, halafu rangi ikarudi. Akabonyeza tena mahali pengine. Kipembe kimoja kidogo kilikuwa kimekufa. Hicho, alisema, kitajaa nyama chenyewe kikiendelea kusafishwa.

"Ngozi imeshika, mzee. Lakini usishushe bado."

Tukatoka nje, mimi nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mguu wake umeinuliwa kwa mto.

"Awoowe," akaniita, "lile benchi ni fupi. Tafuta lingine."