Skrubu ya Bi Zaina

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, ila haisahauliki. Nilikuwa binti, msaidizi wa daktari wa meno pale Kibaha. Bi Zaina, mwalimu wa madrasa kutoka Janga, alikuwa ameanguka kwenye pikipiki akapoteza meno mawili ya mbele. Zile herufi za kugusisha ulimi kwenye meno zikamshinda, na watoto wakaanza kumcheka.

Daktari alitaka kumpandikizia skrubu tayani, ya kubebea meno ya bandia.

"Usiiguse kwa mkono," alinionya. "Imepakwa utando mwembamba. Ndio unaozuia vijidudu, ndio unaofanya mfupa uishike."

Alipogeuka kutazama picha ya taya, kisahani cha skrubu nilichokishika kikaniinama, nayo ikaanguka kifuani kwa mgonjwa. Nikaiokota haraka, nikaifuta kwa pamba, nikairudisha kisahanini, na daktari akaipandikiza bila kujua. Niliogopa kufukuzwa. Mficha uchi hazai. Methali niliijua tangu utotoni, maana yake sikuwa nimeielewa.

Wiki chache baadaye fizi ikatoa usaha. Skrubu ikalegea, ikatolewa, na mfupa ulikuwa umelika hata nyingine isingeshika. Daktari akamkaripia kwamba hakufuata masharti. Daktari alipotoka, Bi Zaina akanishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu, nimewasumbua bure. Nadhani nilitafuna muhogo mapema mno."

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikajibu, "Pole, mama."

Nilikaa na jambo lile mwaka mzima. Nilipomweleza daktari, hakufoka. Alivua miwani.

"Ungesema saa ile ile, tungeitupa, tukamwita siku nyingine. Umeniacha nimgombeze asiye na kosa."

Nikaenda Janga. Ndani ya madrasa watoto walikuwa wakisomeshwa na mwalimu mwingine. Bi Zaina alikuwa uani, mtandio mdomoni. Nilipiga magoti nikasema yote.

"Hata mwanangu aliyenigharamia nilimwambia kosa ni langu," akasema. "Nimekusamehe. Lakini usije tena hapa."

Sikwenda tena, hadi nikasikia ameshazikwa. Sasa mimi ni bibi hapa Kisarawe, na msamaha ule haujaniondolea kitu. Nasikia tando za siku hizi ni bora zaidi. Ni heri, ila zinapita mikononi mwa watu bado.

Mwanangu, ukikosea, sema papo hapo, kabla kosa lako halijaingia mwilini mwa mtu. Usimwache aliyeumia ajilaumu kwa ajili yako. Usingoje upate ujasiri. Mimi niliungoja, ukaja wakati hauna kazi. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akuepushe na haya niliyoyabeba. Amina.