Siku Nilipozima Umeme wa Kaskazini

Enzi zetu, kabla ya watoto hawa wanaotaka kulia chaji ikibaki asilimia kumi, umeme ulikuwa na ratiba kuliko ibada. Jumatatu ulikuja, Jumanne ukapumzika, Jumatano ukachungulia kidogo ukaondoka. Tuliuita mgao. Kila jioni redio ilitangaza kina cha mabwawa kimeshuka kiasi gani, na baba alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono shavuni, kana kwamba anasomewa hali ya mgonjwa wa ukoo. Asubuhi akikutana na jirani yetu Mzee Anaeli, wakishaulizana habari za nyumbani na za ng'ombe, alimalizia kwa kuuliza, "Na bwawa limeamkaje?" Mzee Anaeli alijibu kwa huzuni kwamba bado liko chini.

Kijiji chetu kiko juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Meru, na umeme ulitufikia kwa bahati tu kwa sababu nguzo zilikuwa zinapita kwenda zahanati. Baba alikuwa na vyeo viwili. Kwanza alikuwa mwenyekiti wa mfereji, ule uliotoa maji mtoni na kuyagawa kwenye mashamba, kila nyumba kwa zamu yake. Aliyeiba zamu ya mwenzake alitozwa mbuzi na pombe ya ndizi, wanachama wakala na kunywa huku yeye akiangalia. Pili, alikuwa mtu pekee mwenye televisheni, ile yenye chogo, ya rangi nyeusi na nyeupe. Mama aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, wakati sisi tulilala watatu blanketi moja.

Sisi watoto mgao haukutusumbua. Shule tulikwenda na ndoo ya maji, kinyesi cha ng'ombe cha kusiriba sakafu ya darasa, na fimbo tulizokata wenyewe ili tuchapiwe. Jioni tulicheza rede mpaka mpira wa matambara ufumuke, kisha tukateremka mlimani tumekalia magome ya migomba, tukafika chini na matope mpaka masikioni. Nyumbani kulikuwa na loshoro ya baridi, mahindi na maziwa ya mgando, na atakayechelewa anakwangua chungu. Mwanangu leo, hapa Moshono, anapelekwa kwenye mafunzo ya kucheza.

Kanisani tuliombea bwawa. Mchungaji aliomba mvua kwa bidii mpaka ikanyesha kwetu wiki mbili mfululizo, kahawa ikaoza kwenye vichanja, na redio ikasema bwawa bado. Koko, yaani bibi yetu mzaa baba, alisema Mungu amesikia vizuri ila hakupewa anuani.

Kilipoingia kiangazi akaja bwana mmoja wa maji na kuitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Alieleza kwamba maji yote ya upande wetu hushuka mpaka Nyumba ya Mungu, bwawa kubwa la kuzalisha umeme kule chini tambarare. "Kwa hiyo nyinyi mnaomwagilia ovyo huku juu," akasema, "migomba yenu inakunywa umeme." Wazee wengi walikuwa wamesinzia. Baba hakusinzia, kwa sababu Jumapili iliyofuata kulikuwa na fainali ya mpira.

Kesho yake, Alhamisi, akapita kwenye kila tawi la mfereji akaamuru lizibwe hadi Jumapili. "Siku nne tu jamani," alisema. "Tuyaache maji yashuke, bwawa lijae, tuangalie mpira kama watu." Kikao hakikuitishwa, na wanaume wote waliona ni mpango wa maana.

Mama ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Nyuma ya jiko alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, aliyoiotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu ili ichukue nafasi ya mikahawa mikongwe iliyokuwa inakufa. Aliijengea kivuli cha majani ya migomba na aliisalimia kila asubuhi kabla hajatusalimia sisi. Kufikia Jumamosi miche ilikuwa imelegea. Alimwomba baba maji mara moja tu. Baba akamjibu kwamba mwenyekiti hawezi kuvunja utaratibu kwa ajili ya mke wake. Mama akarudi kitaluni, akaanza kuongeza majani kwenye kile kivuli.

Jumapili baada ya ibada nyumba yetu ilijaa mpaka dirishani. Walikuwepo hata wale waliokuwa wakisema televisheni ni mlango wa shetani. Umeme ulikuwepo, mpira umeanza, na baba alikuwa anajisifu kwamba maji ya mfereji wetu yamefika. Mama akaniita nyuma ya jiko. Nilikuwa na miaka tisa.

"Ndeshi, kaondoe lile gogo la mgomba walilozibia mfereji. Kidogo tu, halafu urudishie."

Nikaliondoa. Maji yakaja yakinung'unika, yakaingia kitaluni, na yalipogusa mstari wa kwanza wa miche, nyumba nzima ikaguna kwa pamoja. Umeme ulikuwa umekatika. Nikabaki nimesimama na lile gogo kifuani. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ni mimi. Nikaziba haraka, nikakandika na udongo, nikasubiri. Haukurudi. Baba akatoka nje, akafuata unyevu mpaka kwenye kitalu, akaniangalia, akamwangalia mama.

Kesi ilisikilizwa Jumatatu pale kwenye banio, mahali mfereji unapochepuka kutoka mtoni. Baba alisoma mashtaka mawili dhidi ya mke wake: kuiba maji na kuzima umeme. Mzee Anaeli, aliyekuwa katibu, alisema la kwanza faini yake inajulikana, ila la pili hawajawahi kulitoza mtu. Hapo nikaangua kilio, nikasema si mama, ni mimi niliyezima umeme.

Koko alikuwa ameketi juu ya jiwe na kibuyu chake cha maziwa. Alimgeukia baba taratibu. "Mwanangu, hebu nieleze. Maji ya wanachama wote yamefungwa siku nne. Kikao kilikaa lini?"

Hakikukaa. Wazee wakaangaliana, wakahesabu zamu zilizopotea, wakaona kwamba mwizi mkubwa wa maji katika historia ya mfereji wetu ni mwenyekiti mwenyewe. Baba alitoa mbuzi. Pombe ya faini alipika mama, kwa hiyo naye hakupona. Lakini miche iliishi.

Niliibeba ile hatia mpaka sekondari, nilipoelewa kwamba siku ile ilikuwa tu zamu yetu ya mgao. Nikiwa mtu mzima nilipita Nyumba ya Mungu tukienda msibani. Niliangalia yale maji mpaka macho yakachoka, nikacheka, halafu kwa kweli nikasikitika. Ni kitu kikubwa kuamini ukiwa na miaka tisa kwamba bwawa lote lile linakutegemea wewe.

Siku hizi kuna bwawa jingine kubwa zaidi kule Rufiji, na umeme ukipepesa dakika mbili mwanangu ananipigia simu kazini kuniuliza maisha gani haya. Mfereji wetu nao umekauka. Juu wamejenga, ndani yake kuna chupa za plastiki, na watoto wa kijijini hawajui uliwahi kuwa na mwenyekiti. Mama tulimzika pembeni ya kahawa yake, ambayo bado inazaa. Ninamkumbuka kila nikinusa udongo uliolowa.

Baba yupo, ila kumbukumbu zinamtoka. Mwezi uliopita nilikuwa naye kijijini tunaangalia mpira kwenye televisheni bapa kama sinia, umeme ukakatika. Akanigeukia na macho yale yale ya siku ile.

"Ndeshi. Kazibe."

Sikubishana naye. Nilitoka, nikapita kwenye kahawa ya mama, nikaokota kipande cha mgomba, nikakilaza kwenye mfereji mkavu na kukikandika udongo vizuri kama nilivyofundishwa. Nilipokuwa najifuta mikono, taa ya barazani ikawaka.

"Umeona?" baba akaita kutoka ndani.

Nikamjibu nimeona, na kile kipande cha mgomba nikakiacha pale pale.