Ardhi Tuliyoilisha Wenyewe

Hasira yangu haijapoa, na sitaki mtu anibembeleze niiache. Watu wakisimulia vita vile husimulia bunduki. Mimi nasimulia shamba.

Nilipoolewa Kitomanga nilikuta shamba la wakwe zangu limechoka. Udongo mgumu, mwekundu, mtama ukitoka haufiki magotini. Mume wangu alikuwa na mbuzi, na alikuwa na subira. Tulijenga zizi la fito juu ya kipara cha udongo kibaya kuliko vyote, mbuzi wakalala hapo mpaka samadi ikawa nene, kisha tukang'oa fito na kulihamishia pembeni. Tulipotoka tulipaacha majani yaote, na mbuzi hawakurudi hapo mpaka yakomae. Fito zile zilinichubua mabega nikiwa na mimba. Lakini misimu ilipopita, ukipiga jembe ulikuta udongo mweusi, laini, na mtama ukanipita kimo.

Ndipo akida akauona. Huyu alikuwa mtu wa pwani, Wajerumani walimweka atusimamie. Alisimama katikati ya mtama wetu na askari wake.

"Shamba la pamba la serikali litakaa hapa," alisema.

"Bwana Akida," mume wangu alijibu, "kule bondeni kuna ardhi haina mtu. Hii tumeilisha wenyewe."

"Basi imeshiba. Sasa itafanya kazi."

Askari walicheka. Mume wangu alipofungua tena kinywa walimlaza chini wakamchapa viboko, mama yake anatazama.

Tuliilima pamba hiyo sisi na majirani. Hakuna jani lililoruhusiwa kubaki kati ya mistari, ardhi ikawa uchi. Mbuzi nao tuliambiwa tuwaondoe. Baadhi tuliwapeleka Mchinga kwa kaka wa mama mkwe, waliobaki tukawafunga kamba nyuma ya nyumba. Masika yalipoingia nilisimama mlangoni nikauona udongo wetu mweusi unateremka na maji kwenda mtoni. Nilitukana kwa sauti mpaka mama mkwe akaniziba mdomo kwa kiganja.

Vita na Wajerumani vilipolipuka, mume wangu alikunywa maji ya dawa pamoja na wenzake, akaondoka. Aliambiwa risasi zitageuka maji. Aliyemwambia hivyo naye sijamsamehe. Hakurudi, na hakuna aliyenionyesha kaburi. Waliokuja ni askari. Walichoma ghala, wakachinja mbuzi wetu, wakang'oa hata mihogo michanga. Mimi, mama mkwe na binti yangu tulikaa porini tukichimba ming'oko, viazi vya mwituni. Wapo wanaosema njaa ile ilikuwa kudra. Mvua ilinyesha! Njaa ile ililetwa na watu, kwa makusudi.

Tuliporudi, shamba lilikuwa limechanika makorongo. Nilikwenda Mchinga kwa miguu. Mjomba alikuwa amebaki mifupa, lakini mbuzi walikuwepo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni amana ya mpwa wangu. Mwambie sikumla hata mmoja."

Ilibidi nimweleze. Aliketi chini kwenye mchanga, akafunika uso kwa kofia yake.

Tulianza upya, wanawake wawili na binti yangu mdogo. Mama mkwe alikata matawi, mimi nikayapanga kuziba makorongo, na zizi likaanza tena kuhama, kipara hadi kipara. Majani yaliposhika, akida akatokea. Alikuwa hai, amenawiri, kanzu safi.

"Mama," alisema, kwa sauti laini ambayo zamani hakuwa nayo, "serikali inapenda mlime pamba tena. Safari hii kwa hiari."

"Kwa hiari, sitaki."

"Fikiri kwanza."

"Ulipomchapa mume wangu hukumpa nafasi ya kufikiri."

Nilitegemea mama mkwe ataniziba mdomo kama siku ile. Badala yake alikuja akasimama ubavuni mwangu na jembe mkononi. Akida alitutazama, akakunja pindo la kanzu, akaondoka. Pamba yake aliipeleka kwingine, kwa watu wengine, na hilo nalo liliniuma.

Majirani huniambia nishukuru, maana mtama umerudi. Umerudi, ndiyo. Lakini korongo la chini bado liko wazi. Kila masika naweka matawi, nalo linayameza. Nikisimama pale natukana kwa sauti, na uzee haujaniziba mdomo.