Ufagio wa Asubuhi Ile

Kwetu Kamembe, mtu akianza safari hufagii ua mpaka awe amefika mbali. Ukifagia, umemfagia na yeye. Hata mtoto mdogo anajua hilo. Mimi asubuhi ile nilikuwa na haraka zangu, nikafagia mume wangu akiwa bado getini, furushi la vitenge begani, anakwenda kuuza mpakani Ruhwa. Akageuka, akasema kitu. Ufagio ulikuwa unakwaruza, sikusikia. Nikamjibu tu, "Haya, haya." Gari alilopanda lilipinduka kabla ya kufika.

Sikulia. Mazikoni sikulia, wala siku ya arobaini. Moyo ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Mama mkwe wangu, ambaye asubuhi ile alikuwa amekaa karibu na geti akichambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, aliniambia mara moja tu: "Ulifagia mutoto yangu." Tukaendelea kuishi nyumba moja, tunapakuliana chakula.

Kisha ikaja ndoto. Haina maajabu yoyote, ni asubuhi ile ile: jua juu ya bati, sambaza zinang'aa kwenye sinia, kiatu chake cha kushoto kimekanyagwa kisigino. Hata harufu ya kitu kinachoungua naisikia, nikawa nasema kumbe laana nayo ina harufu. Anageuka, midomo inacheza, sauti hakuna. Miaka sita! Nilitaka kujua jambo moja tu: alikuwa ananikataza kufagia? Kama alinikataza, nami nikamjibu haya huku naendelea, basi nimemuua mimi.

Aliyemsikia nilikuwa nakula naye kila siku, na nilimwogopa. Mpaka juzi, tunachambua sambaza, maneno yakanitoka yenyewe.

"Maman, ile siku alisema nini?"

Hakuinua kichwa. "Alisema maharagi inaungua."

"Ni hilo tu?"

"Ni ile tu. Na iliungua kweli. Si tulikula?"

Wallahi, tulikula. Mchana ule, habari hazijafika, nilikwangua sufuria, mimi na mama mkwe tukala yale machungu ya chini. Yale ya juu yasiyoungua nilimtengea yeye, ale akirudi.

Nikaweka sinia chini. Nikalia pale pale uani, kwa sauti, majirani wakachungulia. Mama mkwe akanifuta uso kwa mkono wake unaonuka samaki.

"Basi," akasema. "Basi, mutoto yangu."