Katoni Moja ya Mishumaa

Kazi ya Wubalem ilikuwa kuongea. Alikaa kwenye ofisi ya juu ya ghala la bosi wake, Ato Kefyalew, nyuma ya soko la Merkato huko Addis, simu kaibana begani, akiwapigia wenye maduka wa Ambo, Fiche, Adama na Debre Birhan kuwauliza wanahitaji nini wiki hii: mafuta, unga, siagi, mishumaa. Lakini swali hilo lilikuja mwisho. Mtu mwenye adabu haanzi na siagi. Anaanza na umeamkaje, kisha nyumba je, watoto je, ng'ombe je, yule mama mgonjwa je, na kila jibu ni Mungu ashukuriwe, hata kama mama mgonjwa amezikwa juzi. La msiba utaambiwa baadaye, salamu zikishatulia. Kuna wanaosema huko ni kupoteza muda. Waache waseme.

Ilikuwa heri yake kwamba kazi ilikuwa hiyo, maana nyumbani hakuwa na wa kusema naye. Mume alikuwa amekufa, mwanawe yuko Toronto na hupiga simu akikumbuka. Mtaa wao wa zamani ulibomolewa, na majirani wakatawanywa kama kunde zilizomwagika. Yeye aliangukia ghorofa ya nne pembezoni mwa mji. Kule mtaani ulikuwa ukianza kutwanga kahawa tu, watu wanaingia bila kuitwa. Huku alikaanga buni mlango ukiwa wazi makusudi, moshi ukashuka ngazi zote, na alichosikia ni milango ya chini ikifungwa ili moshi usiingie. Alikunywa vikombe vyote vitatu vya desturi mwenyewe.

Ndipo goti la Ato Kefyalew likamlaza nyumbani, na binti yake, Meklit, akashika ofisi. Msichana mwema, mwenye haraka. Akaleta kwa majaribio programu ya kuendeshea biashara, yenye akili mnemba ndani yake.

"Eteye Wubalem, usiiogope," alisema. "Inasoma ujumbe wa wateja na kupokea oda. Inasikiliza simu na kuandika kwa kifupi kilichosemwa. Inakisia nani atahitaji nini, na inatuonya mteja akianza kupoa. Hayo ni maneno ya wanaotuuzia, na mimi wauzaji siwaamini. Nakuamini wewe."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Uipime. Kila inachofanya, weka alama: sahihi au si sahihi. Fasika ikifika uniambie tuinunue au tuirudishe."

"Na ikiwa sahihi, mimi nitampigia nani simu?"

Meklit akatazama dirishani. "Kazi hutakosa, mama. Baba hawezi kukubali. Utakaa kwenye kompyuta, uwe unaisimamia."

Wubalem alielewa vizuri. Kazi hatakosa, atakosa watu. Kalamu ya kuamua hilo ilikuwa imewekwa mkononi mwake mwenyewe.

Adui mwombee njaa, na Wubalem akaiombea njaa ile mashine asubuhi na jioni. Aliikagua kama mama mkwe anavyokagua jikoni kwa bibi arusi, akifunua kila kifuniko. Na mwanzoni Mungu alimsikia. Mfungo mkuu wa Hudade, unaoishia Fasika, Pasaka yao, ulipoanza, wenye maduka waliacha kuagiza siagi, kama kila mwaka, maana nani atakula siagi kabla ya Fasika? Mashine ikaona wateja wote wa siagi wamekimbia. Ikawaandikia kwa Kiamhari kizuri sana kwamba imewakumbuka, na kuna punguzo.

Shemasi mmoja mwenye duka Fiche alipiga simu anapumua kwa hasira.

"Wubalem! Nani huko kwenu ananitongoza kwa siagi katikati ya mfungo? Ni wewe au ni shetani?"

"Ni mashine, baba."

"Basi ibatizeni!"

Alicheka siku hiyo mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake wa netela. Aliandika *si sahihi* kwa herufi kubwa. Lakini Meklit hakukasirika. Aliketi mchana mmoja akaifundisha mashine mifungo yote, na jinsi Fasika inavyohama kila mwaka, na Ramadhani pia akaitia, na kosa lile halikurudi. Binadamu ukimwonyesha kosa lake hununa wiki nzima. Ile haikununa.

Ikazidi kujua. Mama mmoja wa Adama alituma ujumbe wa sauti mrefu kama misa: harusi ya binti yake, shemeji mlevi, katikati magunia ya unga, halafu akabadili nia, akarudi kwenye harusi, akabadili tena. Wubalem alisikiliza mara mbili na hakuwa na hakika. Mashine iliandika idadi, Wubalem akampigia mama kuhakikisha, na idadi ilikuwa hiyohiyo. Akaweka alama ya sahihi huku kinywa kikiwa kichungu.

Iliyomuumiza zaidi ya zote ni simu ya Jumanne.

Kila Jumanne alimpigia Demisew, aliyemwita Gashe kwa heshima, mzee mwenye duka kando ya kanisa huko Debre Birhan, kwenye baridi linaloingia mpaka kwenye meno. Hawakuwahi kuonana. Jumanne ile mzee alimsimulia kwamba jalidi imeunguza maharage ya watu, na kwamba amemwota marehemu mkewe akimwita kula.

"Nikaitika, 'Nakuja,'" alisema. "Nikaamka, nikaenda nikakaa mezani, Wubiye. Nimekaa pale mpaka kukapambazuka."

Wubalem naye akamweleza habari za moshi wa kahawa na milango iliyofungwa. Hakuwa amemwambia mtu mwingine.

"Ungekuwa jirani yangu ningepanda," alisema mzee.

"Kwa magoti gani, Gashe?"

"Ningepanda kwa makalio, ngazi moja moja!"

Walicheka, kila mmoja akabaki akisikiliza pumzi ya mwenzake. Kisha mzee akasema kama asemavyo siku zote, "Haya basi, niletee katoni moja ya mishumaa." Hiyo ndiyo iliyokuwa kwaheri yao. Oda ikitajwa, simu imekwisha.

Alipoweka simu chini, kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na muhtasari: *Mteja ameagiza katoni moja ya mishumaa. Mengineyo: hakuna.*

Aliusoma tena na tena akitafuta kosa. Maelekezo ya Meklit yalikuwa kwamba muhtasari uwe na mambo ya biashara tu, na mambo ya biashara yalikuwa hayo. Aliweka alama ya sahihi, akaenda chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Wiki hiyohiyo mashine ikaleta onyo juu ya mzee yuleyule. Ilisema mteja huyu zamani alinunua kila kitu, sasa ananunua kitu kimoja. Kumpelekea mzigo ni hasara, na inaelekea duka halifanyi kazi. Ikapendekeza simu za kila wiki zikome.

Masikio yalimwaka moto. Kweli, Demisew aliacha kwanza mafuta, kisha unga, kisha sabuni, na Wubalem aliyaona hayo yakipita mbele ya macho yake. Hakuwahi kumuuliza kwa nini. Alikuwa akiogopa jibu, kwa sababu mtu asiye na duka hapigiwi simu na ghala. Sasa mashine isiyojua hofu ilikuwa imeuliza na kujijibu yenyewe.

Akaandika: *Si sahihi. Duka lake linachangamka. Ni mteja mzuri.*

Huo ndio uongo wake pekee katika majaribio yote, na mimi simlaumu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya Wubalem ilikuwa fupi kama barabara ya kutoka Addis mpaka Debre Birhan. Meklit aliusoma na kuuamini.

"Kama linachangamka, kwa nini ananunua mishumaa tu?" alisema. "Labda sisi ndio tuliomsahau mzee wa watu. Zerihun anapita huko na lori. Nampelekea mafuta, unga na siagi ya Fasika, atalipa akishauza."

Wubalem akageukia kompyuta, akaweka alama nyingine. Siku lori lilipoondoka alichungulia dirishani kutwa nzima.

Zerihun dereva alirudi na mzigo wote aliokwenda nao, na hadithi juu yake. Aliisimulia ofisini amesimama, mikono yake ikichora hewani.

"Duka gani? Komeo limeliwa na kutu! Nimezunguka nyuma, nikagonga chumbani, mzee katoka kajifunika shuka lake la gabi. Jamani, mishumaa! Chini ya kitanda mishumaa, juu ya kabati mishumaa, imepangwa dirishani mpaka mwanga haupiti. Nikamwuliza, 'Baba, unalala hapa au unasubiri kuzikwa?' Na kakaa gizani, hajawasha hata mmoja!"

Watu wakacheka, makarani na wapagazi, hata Meklit kidogo.

"Alisema nini?" aliuliza Wubalem.

"Nani, mzee?" Zerihun akakuna kidevu, sauti ikapungua. "Kwanza alinipita, kabla hata ya kunisalimia. Akaenda kwenye kichwa cha lori, akachungulia ndani. Akaniuliza, 'Wubalem hajaja nawe?'"



Jioni Meklit alifunga mlango wa chumba chake, akamketisha Wubalem.

"Ulijua, Eteye?"

"Sikujua kuhusu mishumaa. Nilijua tu kwamba hapendi kukata simu." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Na mimi sipendi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba ghala la baba yako linilipie maongezi?"

Meklit alimsogezea karatasi ya tathmini, ile ya mwisho, yenye nafasi ya kusema tuinunue au tuirudishe. "Bado nakuamini wewe," alisema. "Ukisema tuirudishe, nairudisha."

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Msichana alikuwa amemfungulia mlango kabisa. Lakini Wubalem alikuwa akiuona mkono wa mzee ukihesabu birr za katoni nyingine, wiki hadi wiki, akilipia umeamkaje na nyumba je, na yeye Wubalem ndiye aliyekuwa akimuuzia. Akachukua kalamu. Penye *si sahihi* ya Demisew akapiga mstari, akaandika *sahihi*. Chini akaandika: *Inafaa. Inunueni.*

"Na mzee wangu msimuuzie tena mishumaa," alisema.

"Hatutamuuzia."

Ahadi zote mbili za Meklit zilitimia. Wubalem hakukosa kazi, na mzee hakuuziwa tena. Mezani kwake pakaletwa kompyuta kubwa zaidi, na simu ya mezani ikaondolewa kwa kuwa haikuwa na kazi. Alikaa akisoma muhtasari baada ya muhtasari na kuweka alama. Siku nyingine ilipita mpaka jioni bila kusikia sauti yake mwenyewe, na alipomshukuru kondakta wa basi alishtuka ilivyokuwa imekauka.

Jumanne zikapita. Kumpigia mzee kwa simu yake mwenyewe hakuthubutu. Kila alipoishika alimwona akichungulia ndani ya lori, aibu ikamrudisha.

Fasika ikaja. Alikesha kanisani na wengine, akarudi alfajiri, akafunua mchuzi wa kuku aliyempika siku iliyotangulia. Alikuwa amemkata kuku vipande kumi na viwili kama desturi inavyotaka, kana kwamba kuna watu kumi na wawili. Akatandaza mkate wa injera, akaketi. Siku hiyo hakuna anayejilisha tonge la kwanza. Hukunjiwa na mwingine, likatiwa kinywani kwa mapenzi, na ukikataa ni ugomvi. Wazee wa kule husema alaye peke yake hufa peke yake. Mchuzi ukaanza kuganda siagi juu.

Akanawa mikono, akachukua simu. Namba aliijua kwa kichwa.

"Haloo?"

"Gashe Demisew."

"Wubiye! Leo si Jumanne."

"Leo ni Fasika. Ashukuriwe aliyetufikisha."

"Ashukuriwe, ashukuriwe." Akakohoa. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sihitaji tena mishumaa. Ninayo."

"Najua, Gashe. Na mimi siuzi tena."

"Sasa umepigia nini?"

Miaka yote hiyo Wubalem hakuwahi kuulizwa.

"Nimepiga kukusalimia."

Akamsikia mzee akivuta kiti, akaketi kwa taratibu, magoti yake yakilalamika. "Basi nisalimie," alisema. "Nisalimie vizuri, usinirukie kitu."

"Umeamkaje, Gashe?"

"Mungu ashukuriwe. Wewe umeamkaje?"

"Mungu ashukuriwe. Baridi je?"

"Lipo, ashukuriwe. Kijana wako wa ng'ambo je?"

"Mzima, ashukuriwe. Na magoti je?"

"Haya magoti, Wubiye, nikuambie..."

Sauti ikakatika. Mwanamke wa mashine ya kampuni ya simu, mwenye adabu zake zote, akamwarifu kwamba salio lake halitoshi kuendelea na simu hii. Simu ya ofisi haikuwahi kukatika, na Wubalem hakuwahi kujua maongezi yao yalikuwa yakila kiasi gani. Alikimbia mpaka roshani akachungulia chini. Kibanda cha vocha kilikuwa kimefungwa, mwenyewe amekwenda kusherehekea kwao.

Akarudi, akaketi mbele ya sinia, akaiweka simu karibu na injera na kungoja impigie. Alingoja mpaka jua likaingia dirishani ndipo akakumbuka kwamba mzee hakuwahi kumpigia hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kupigiwa.

Walikuwa hawajamaliza hata salamu.